Sura ya Mama Niliyoifuata Bariadi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza jambo moja: "Enhe, ulifanikiwa?" Gengeni nimeulizwa, hata kanisani nimeulizwa, tena wakati wa kupeana amani. Nimechoka kueleza vipandevipande huku nimeshika fungu la nyanya. Basi nimekaa nikaandika yote tangu mwanzo. Someni, mpeane, halafu mniache nipumzike.

Kwa wasiojua: mama yangu, Agata, alikufa nikiwa sijatimiza miaka miwili. Alikuwa Mluguru wa huku milimani kwetu. Akapendana na baba yangu, Shija, Msukuma aliyekuja Morogoro kutafuta kazi, na baba alipopata kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko kwao Bariadi, wakaondoka pamoja, wakafunga ndoa hukohuko. Homa ikamchukua mama hukohuko pia. Mimi nikaletwa kwa bibi mzaa mama, na baba naye hakuchukua miaka mingi akamfuata mkewe. Bibi hakuwa na picha ya binti yake hata moja. Nani angepanda mlima na kamera enzi zile? Nimezeeka, nina wajukuu, na uso wa mama yangu sijawahi kuuona.

Picha zilikuwepo. Zilikuwa tatu, pamoja na barua za baba, ndani ya sanduku la bati kwa Sengi Minza, dada yake baba, hukohuko Bariadi. Sengi ndivyo Wasukuma wanavyomwita shangazi. Nilijua sanduku lipo, nilijua liko wapi, na sikwenda. Mwaka huu ada, mwaka ule msiba, mwaka mwingine mguu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, maana kitu ambacho hujakiona unaweza kuendelea kukitarajia.

Aibu yangu kubwa ni kazi niliyoifanya. Mnajua nimestaafia kwenye nyumba ile ndogo ya kumbukumbu. Tulizunguka vijijini tukirekodi wazee, tukakusanya barua na picha zao, tukaziweka kwenye bahasha safi na kuandika majina kwa penseli. Kuna marehemu ambao sauti zao ninazifahamu kuliko sauti za majirani zangu. Nimeokoa picha za harusi za watu nisiowajua, ya mama yangu nikaiahirisha. Mpaka binamu yangu Masanja, mtoto wa Sengi, aliponipigia simu akasema, "Dada, mama anaanza kupotezapoteza. Kama unakuja, njoo."

Morogoro hadi Malampaka

Nilichagua treni. Mwanangu alishangaa, akaniambia basi lingenifikisha haraka zaidi. Nikamjibu nataka kupita njia aliyopita bibi yake. Yalikuwa maneno ya kujipamba tu. Mtu anayeogopa kufika hupanda treni.

Nikapewa nilichokitaka. Mvua ilikuwa imekula tuta la reli mbele yetu, tukakaa kwenye stesheni moja ndogo kutwa nzima, na kesho yake tena hadi adhuhuri. Watu walishuka, wakafua, wakaanika nguo kwenye nyaya za uzio. Kuku wa Saranda tuliyemnunua njiani aliisha, mkate ukaisha, tukabaki na chai ya rangi na hadithi.

Katika behewa letu alikuwepo mama mmoja wa Tabora, mnene, mchangamfu, na ndoo yake ya asali tupu anairudisha nyumbani. Aliponiuliza nafanya kazi gani nikamweleza. Macho yakamtoka. "Kwa hiyo mtu anaongea, wewe unamhifadhi?" Nikasema ndiyo. "Basi nihifadhi mimi."

Nikatoa kinasa sauti. Mama yule alisimulia saa mbili bila kunywa maji. Alisimulia mume wa kwanza, mume wa pili, na mtoto aliyemwacha kwa dada yake akiwa mchanga ili aolewe tena, mtoto ambaye mpaka leo anamwita mama mdogo. Alilia, akacheka, akalia tena. Nimerekodi watu maisha yangu yote na sijui kama nimewahi kusikia simulizi iliyonyooka vile. Nikafikiri, hata kama safari hii haitazaa kingine, imezaa hiki.

Tulipokaribia Tabora akakusanya ndoo yake, akajifunga khanga, akaniambia, "Haya, sasa futa."

"Nifute?"

"Futa, mama. Nilikuwa najizoeza kumwambia mwanangu. Nimesikia inavyokuwa. Siwezi."

Kanuni ya kazi yetu ni moja: sauti ni ya mwenyewe. Nikafuta mbele yake, akahakikisha, akanishukuru, akashuka. Nikakaa dirishani nimenuna hadi Shinyanga. Nilikuwa nimemkasirikia mama wa watu kwa sababu ya woga ambao mimi mwenyewe nilikuwa nao.

Malampaka na Nyalikungu

Nilishuka Malampaka saa nne asubuhi, nimechelewa karibu siku mbili. Simu ilipopata mtandao, ujumbe wa Masanja ukaingia. Siku niliyotarajiwa, Sengi alivaa gauni jipya akakaa nje tangu asubuhi kunisubiri. Mvua ikaja, akakataa kuingia ndani, akasema mgeni akifika akute watu nje. Sasa alikuwa na kifua. Nilisoma ujumbe ule nimesimama kwenye tope la stesheni, nikatamani kurudi ndani ya treni niendelee nayo hadi Mwanza.

Nikapanda mchomoko, yaani gari dogo la mtu binafsi linalobeba abiria, kuelekea Maswa. Tulipofika Nyalikungu dereva akaegesha kivulini, akazima gari, akasema, "Jamani, napita kuzika mara moja." Tulidhani anatania. Akatoa koti kwenye buti, akalivaa, akaondoka. Abiria wenzangu hawakulalamika hata kidogo. Mmoja akaniambia marehemu alikuwa jirani wa dereva, asingekwenda angeonekana mtu wa ajabu. Nikakubali. Saa tatu zikapita.

Nikaingia kwa mama lishe. Nilikuwa nimejifunza salamu za Kisukuma njiani, nikaona huu ndio wakati. "Mwangaluka!" nikasema kwa sauti. Wateja wote wakageuka, halafu wakaangua kicheko.

"Hiyo ya asubuhi, mayu," mama lishe akasema, akiniita mama kwa Kisukuma huku akifuta machozi ya kicheko. "Saa hizi ni mwadila. Wewe Msukuma wa wapi?"

"Baba yangu ni wa Bariadi."

"Na mama?"

"Wa Morogoro. Simjui, alikufa nikiwa mdogo. Naenda kuangalia picha yake."

Akaacha kucheka. Akachukua kijiko, akaniongezea kipande cha sato juu ya ugali wangu, akasema, "Kula, mama. Huko unakokwenda usifike na njaa." Hakutaka fedha ya kile kipande. Nikala chote. Huruma ya mtu usiyemjua huwezi kuikataa, na huna pa kuirudishia.

Bariadi, kwa Sengi

Masanja alinipokea stendi ya Bariadi na pikipiki. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuangalia pembeni anapoongea. Tulipita katikati ya mashamba ya pamba yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa maua, na njia nzima alikuwa ananielekeza kwa kidevu: hapa palikuwa na nyumba ya babu, hapa baba yako alichungia ng'ombe. Nilijaribu kuyaweka yote kichwani. Mtetemo ulikuwa unanitoa meno.

Sengi alikuwa ameketi mlangoni, ule mlango alioukataa wakati wa mvua. Mdogo kuliko nilivyomfikiria, amejifunga blanketi la mistari. Alinishika mikono yote miwili, akanitazama muda mrefu. Kisha akaomba maji, akaweka kinywani, akanipulizia kifuani huku akitaja majina ya wazee wa ukoo mmoja mmoja. La baba nililisikia. La mama sikulisikia, nikajiambia yeye hakuwa wa ukoo ule.

Wakaleta michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani kisha vikachemshwa, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nilitaka kuona sanduku. Lakini mgeni haulizi sanduku kabla hajala, na hapo mgeni hali mara moja. Nilikula mpaka mkanda ukabana. Sengi alikuwa anahesabu vipande vyangu kwa macho, na kila nilipopumzika alinisogezea bakuli.

Ndipo Masanja akalitoa. Alilibeba kwa mikono miwili, akaliweka juu ya mkeka, akapangusa vumbi kwa mkono wa shati lake. Alikuwa anatabasamu.

"Dada, ulituambia kwenye simu tulilinde na mchwa kwa kila namna. Tumelilinda. Kila msimu tukimaliza kupulizia pamba, ile dawa inayobaki kwenye bomba naimalizia humu. Napulizia ndani, napulizia nje, nafunga. Fungua uone. Hata mdudu mmoja hakuna."

Kweli nilisema hivyo. Nilisema kwa kila namna. Nilikuwa ofisini siku ile, nimezungukwa na bahasha safi na kabati lisiloingiza unyevu, nikamwambia mkulima wa pamba alinde karatasi na mchwa, nikakata simu nikaenda kunywa chai. Sikueleza hata neno moja zaidi. Angetumia nini? Alitumia kile anachokijua, kile kinachookoa shamba lake kila mwaka, tena dawa yenyewe haipatikani kirahisi.

Harufu ilinipiga kabla kifuniko hakijafika juu. Ndani hapakuwa na mdudu. Barua zilikuwa zimeshikamana kuwa tofali moja la kijivu, wino umetawanyika mabaka ya buluu kutoka ukurasa hadi ukurasa. Nilizitenganisha kwa ncha ya kisu, karatasi baada ya karatasi. Nilichoweza kusoma kwenye barua zote za baba ni nusu mistari: "ng'ombe mwekundu amezaa", "Minza, usiuze", na mahali pamoja, peke yake katikati ya baka, "Agata anakusalimu".

Picha tatu zilikuwa zimegandana uso kwa uso. Nilijua la kufanya, nimewafundisha vijana wengi: maji safi, sinia pana, subira. Nikaomba sinia. Watu wa nyumba nzima wakakusanyika wakitazama. Baada ya muda picha ya juu ikaachia, nikaanza kufurahi, halafu ule utando wenyewe wenye sura ukang'oka kwenye karatasi, ukaelea juu ya maji kama utando wa maziwa ya moto. Nilipougusa ukakatika vipande. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ilibaki pembe moja ya chini: viatu vya baba, na pembeni yake pindo la gauni jeupe na ncha za vidole vya mguu.

Nikaviangalia vile vidole. Vilikuwa vya mama yangu, na hicho ndicho kitu pekee cha mwili wake ambacho nimewahi kukiona.

Masanja alikuwa ameacha kutabasamu. "Dada," akasema polepole, "tumekosea?"

Sengi naye akauliza kitu kwa Kisukuma, mkono wake umeshika ukingo wa sanduku. Nikawaangalia wote wawili. Walikuwa wamelilinda sanduku lile kuliko nilivyowahi kulilinda mimi.

"Hapana," nikasema. "Mmelitunza vizuri. Picha zenyewe zilikuwa zimezeeka." Nikatoka nje, nikaenda nyuma ya zizi la ng'ombe, nikalia hadi nikatapika michembe yote.

Mazungumzo

Asubuhi yake nikasema, bado Sengi yupo. Karatasi imekufa lakini mtu yu hai. Nikaweka kinasa sauti juu ya kinu kilichopinduliwa, nikakaa mbele yake. Mimi sijui Kisukuma, naye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Masanja akawa mkalimani.

Nilianza kama ninavyoanza siku zote: akae vizuri, aseme jina lake, aseme alizaliwa wapi. Sengi aliongea dakika kumi, mikono inapaa, macho yanang'aa. Akanyamaza. Nikamgeukia Masanja.

"Anasema zamani kulikuwa na ng'ombe wengi."

"Masanja, ameongea dakika kumi."

"Ndiyo. Ni wengi sana."

Tukaendelea hivyo. Nikiuliza juu ya harusi, Sengi anaongea, vijana wa jirani waliokuja kusikiliza wanaingilia, wanabishana, wanacheka, halafu Masanja anasema, "Anasema ilikuwa nzuri." Nikiuliza mama aliongea vipi, alipenda nini, alipika nini, napewa, "Alikuwa mtu wa watu." Nilitaka kumkaba. Nikajituliza kwa kujua kwamba kinasa sauti kinachukua yote, nitapata wa kunitafsiria nyumbani.

Sasa niseme kosa langu, na hili ni la mtu wa kazi yetu, si la Masanja. Miaka yote niliwafundisha vijana: usimwekee mzee jibu mdomoni. Usimuulize "si ndiyo ilikuwa hivi?" Muulize "ilikuwaje?" kisha funga mdomo wako, hata kimya kikiuma. Niliwahi kumrudisha kijana mmoja kijijini akarudie mahojiano yote kwa kosa hilo. Lakini asubuhi ile, vidole vile vya mguu vikiwa vimefungwa kwenye leso ndani ya mkoba wangu, nilimwinamia Sengi nikauliza:

"Je, nafanana naye?"

Masanja akatafsiri. Sengi alinitazama, akamtazama mwanawe, akaongea taratibu kwa muda, mara akasimama, mara akaendelea. Kisha akanyoosha kidole, akanigusa paji la uso, akanigusa mdomo.

"Mama anasema mmefanana," Masanja akasema akiangalia pembeni. "Hasa paji la uso na mdomo. Anasema ulipofika alishtuka."

Wenzangu, sitawaficha. Nilisahau sanduku. Nilisahau treni. Nilimkumbatia mzee yule nikamlowesha blanketi kwa machozi. Nilipokwenda kuoga nilikaa bafuni najipapasa mdomo kwa vidole kama kipofu.

Wakati wa kuagana Masanja akakumbuka kwamba picha ya harusi ilichapishwa mbili. Ya pili alipewa msimamizi wa bibi harusi, mama mmoja aliyehamia Lamadi kufanya biashara ya dagaa. Akanipa namba ya mtoto wake.

Lamadi

Mtoto wa msimamizi anaitwa Kabula, mama wa makamo, sauti kubwa, kazi yake dagaa kama mama yake. Alinipokea barabarani, malori yanapita, watalii wanapita kwenda mbugani, akanishika mkono akanivusha kama mtoto. Mama yake, aliyekuwa msimamizi, alikuwa amefariki mwaka jana.

"Angekusimulia mpaka uchoke," akasema. "Kila akiiona ile picha lazima amtaje Agata. Agata hivi, Agata vile. Sisi tulikuwa hatusikilizi, unajua tena mambo ya wazee."

Nikamkatiza. "Picha ipo?"

"Ipo! Ipo ukutani. Tena nimeitengeneza."

Aliposema neno lile la mwisho, nikaharakisha kumfuata hadi sebuleni kwake.

Ilikuwa kubwa, kwenye fremu ya dhahabu, inang'aa. Watu wanne wamesimama mbele ya maporomoko ya maji na maua ya waridi. Baba amevaa suti ya bluu. Bibi harusi alikuwa na ngozi nyororo kama ya sanamu, nyusi zimechorwa, midomo myekundu, macho makubwa yenye nuru ya kioo. Nilisogea hadi pua ikakaribia kioo. Nilitafuta paji langu, nikatafuta mdomo wangu. Ule uso ungeweza kuwa wa mtu yeyote aliyewahi kutangaza sabuni.

"Ya zamani ilikuwa imechakaa, ina madoa, nyuso hazionekani vizuri," Kabula akaeleza. "Kijana wa studio akaiingiza kwenye kompyuta, akaisafisha, akawapa nguo nzuri. Angalia mama yangu huyu hapa. Kwa kweli hakuwa hivi, lakini amependeza, eti?"

"Amependeza," nikasema. "Na ile ya zamani?"

"Tuliiacha hukohuko. Ingefanya kazi gani tena?"

Tulikwenda studio. Kijana alikuwa na adabu, alitafuta kwenye kompyuta, akatafuta kwenye simu, akatafuta hata chini ya meza. Alisema huwa anafuta za mwanzo kazi ikiisha, mashine zinajaa, na zile za karatasi wenyewe wasipozidai anazichoma pamoja na takataka. Hakukasirika kuulizwa. Alinishangaa tu, akaniuliza kwa upole kama kuna kitu hakukipatia, anaweza kurekebisha. "Nikuletee uso wa namna gani, mama?"

Nikamshukuru, tukatoka.

Kabula alinipeleka kula. Aliagiza samaki mzima wa kuchoma, akanichambulia miiba kwa mkono wake, akaniwekea upande wangu minofu mizuri yote. Alidhani nalia kwa furaha, kwa sababu hatimaye nimemwona mama yangu. Mbele ya wateja wengine akatangaza, "Mgeni wangu amemwona mama yake leo kwa mara ya kwanza!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama, nikawashukuru.

Nyumbani

Nilirudi kwa basi kupitia Mwanza, safari nzima nimeegemea kioo sioni kitu. Nilikuwa nimebakiwa na neno la Sengi. Paji la uso na mdomo. Nililishika neno lile njia nzima, nikilirudiarudia. Karatasi zimekufa, kompyuta imefuta, lakini yupo mtu mmoja aliyemjua mama, naye amenitazama akamwona. Mtu anaweza kuishi na hilo. Wapo walioishi kwa kidogo zaidi.

Wiki iliyofuata nilimwita Mwalimu Lucia, mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, mzaliwa wa Maswa, anitafsirie kinasa sauti. Alikuja na miwani yake na daftari. Sehemu ya kwanza ilikuwa tamu kweli: ng'ombe wa babu kila mmoja na jina lake, njaa kubwa waliyoipita kwa kula mizizi, baba yangu alivyoanguka kutoka kwenye mti akavunjika jino. Masanja alikuwa ameninyima hazina nzima. Tulicheka.

Tukafika kwenye swali langu. Mwalimu Lucia akasikiliza, akasimamisha, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akavua miwani.

"Unataka nikutafsirie, au nikuambie tu kwa ufupi?"

"Neno kwa neno, Mwalimu."

Akaandika kwenye daftari, kisha akanisomea bila kuniangalia. Sengi alisema hivi:

"Anataka kujua kama anafanana na mama yake. Masanja, mimi ile sura siijui. Enzi zile nilikuwa nimeolewa Meatu. Nilimwona siku ya harusi amefunikwa shela, nikamwona siku ya msiba amefunikwa shuka. Hapo katikati sikuja, nilikuwa na watoto wadogo. Zile picha kaka yangu aliniachia zimefungwa, hazikuwahi kufunguliwa. Nimejaribu tangu jana kumkumbuka, hakuna kinachokuja. Mtoto huyu amekaa kwenye treni siku ngapi, na vitu vyake vimefia ndani ya nyumba yangu. Mwambie anafanana naye. Mwambie paji la uso na mdomo, mwambie nilishtuka. Nani atambishia?"

Mwalimu Lucia alikunja daftari, akaomba samahani, akaenda zake. Chai yake ilibaki mezani.

Nani atambishia? Hilo ndilo jibu la swali mnaloniuliza wote. Bibi hayupo, baba hayupo, msimamizi hayupo. Hakuna mtu hata mmoja chini ya jua anayeijua sura ya mama yangu, na kama ningekwenda miaka michache tu nyuma, angekuwepo mmoja Lamadi, anamtaja Agata kila siku mbele ya watoto wasiosikiliza. Nilikuwa hai, nilikuwa na kinasa sauti, nilikuwa na nauli. Siwezi kumlaumu mchwa, wala Masanja, wala yule kijana wa studio. Nimejaribu na nimeshindwa.

Siku mbili baadaye Masanja akapiga simu. Kwa nyuma nilisikia ng'ombe, na sauti ya Sengi ikimhimiza.

"Dada, mama anakuulizia. Anauliza kama ulifika salama. Na anauliza..." Akasita. "Anauliza kama lile alilokuambia lilikufurahisha."

Nikakaa chini.

"Mwambie nilifurahi sana," nikasema. "Mwambie nilipofika nyumbani nilijitazama vizuri, na ni kweli kabisa. Hasa mdomo."

Masanja akamtafsiria. Nikamsikia Sengi akicheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akishukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, na mimi nikakata simu haraka kabla hajanisikia ninavyolia.